Tosti za swaumu zinazofika zimelegea: kisa cha wifi yangu wa Tabata

Nianze na jibu kabisa ili asiye na muda aondoke nalo: tosti ya swaumu ikitoka chungu juu na laini katikati, mara nyingi shida sio moto, shida ni maji. Maji ya kwenye mkate, maji ya kwenye siagi, maji ya kwenye swaumu yenyewe, alafu mwisho kabisa mvuke wake mwenyewe ikishatoka kwenye oveni. Ukiongeza moto bila kuyatoa hayo maji unapata mkate ulioungua nje na bwabwa ndani, na swaumu nyeusi inayokuachia uchungu mdomoni mpaka jioni. Sasa nielezee kisa chote maana ndani yake kuna vitu vingi ambavyo ukiwa unapika peke yako kila siku huvioni.

Wifi yangu anaishi Tabata, anauza chakula cha oda kutoka nyumbani, mchana na jioni. Kinachotoka sana ni spageti za nyama ya kusaga, na pembeni anaweka vipande viwili vya tosti ya swaumu. Spageti zake hazina mpinzani, na silisemi hilo kwa sababu ni wifi, watu wanarudi wenyewe. Ila tosti ndo ilikuwa inamuangusha. Wateja wakawa wanatuma meseji, wengine kwa upole, "dada chakula kitamu sana ila huo mkate bora usiweke", mwingine kaandika tu "mkate umelowa". Mmoja alilalamika swaumu ni chungu, oda iliyofuata huyo huyo akalalamika mkate umelegea, wifi akachanganyikiwa kabisa maana akipunguza moto mkate unalegea, akiongeza swaumu inaungua. Akanipigia. "Wifi njoo uniangalizie, mi nimechoka, nataka niitoe kwenye menyu." Nikamwambia usitoe, ngoja nije, ila nikija usinielezee chochote, wewe fanya kama unavyofanya kila siku mi nakaa pembeni naangalia.

Hilo la kukaa pembeni nalisisitiza kwa yeyote anayemsaidia mtu mambo ya jikoni. Ukimwambia mtu akueleze anavyopika atakueleza anavyoamini anapika, na vile vitu vidogo anavyovifanya bila kufikiri, ambavyo ndo vinaharibu, hatavitaja kwa sababu kwake sio vitu.

Basi alivyofanya ni hivi. Mkate ni wa slesi wa dukani, ule wa maziwa, mweupe na mtamu kidogo, ameununua jana yake na kuuweka kwenye friji "ukauke". Siagi ni ile ya kupaka ya kwenye kopo, ambayo hata ikitoka kwenye friji inapakika vizuri. Swaumu ameichukua sokoni kwa mama anayeuza zilizokwisha kumenywa na kusagwa, zimefungwa kwenye vifuko vidogo. Giligilani kaiosha, kaikatakata, kaitupia humo humo ikiwa bado na maji yake. Akachanganya vyote kwenye bakuli, akapaka kwa wingi upande mmoja, akapanga slesi kwenye trei, trei ikaingia kwenye oveni aliyoiwasha muda ule ule. Zilipotoka zilikuwa na rangi nzuri, harufu imejaa nyumba nzima, na ukizigonga na ukucha juu zinalia. Pale pale akazibeba, akazipanga moja juu ya nyingine, akazifunga kwenye foili zikiwa za moto, foili ikaingia kwenye hotpoti kumsubiri bodaboda, na bodaboda alipopiga honi zikatolewa zikawekwa ndani ya boksi la plastiki juu ya spageti zinazofuka moshi, mfuniko kap!

Niliomba aniachie boksi moja lisiende. Tukalifungua baada ya muda kama ule bodaboda anaotumia kufika mjini. Upande wa ndani wa foili ulikuwa na matone, matone kabisa ya kuhesabika, na slesi ya chini ukiinyanyua kwa kona inapinda inaning'inia. Ile sauti ya kugonga na ukucha haipo tena. Wifi akasema "lakini umeona ilivyotoka, ilikuwa imekauka". Na alikuwa sahihi nusu, juu ilikuwa imekauka, katikati haijawahi kukauka hata sekunde moja.

Hapa ndo nataka niende polepole.

Kuna vitu viwili tunavichanganya kila siku, mkate mgumu na mkate mkavu. Mkate wa friji ni mgumu, sio mkavu. Mkate ukikaa, ule wanga wake ulioiva wakati wa kuoka unajipanga upya na kukaza, na baridi ya friji ndo inaharakisha hiyo kazi kuliko joto la kawaida la nyumbani. Mwanakemia wa Ufaransa anaitwa Jean-Baptiste Boussingault alilionyesha hili mwaka 1852, kwamba mkate unachakaa hata ukiufungia usipoteze maji, na ukiupasha moto mpaka nyuzi joto 60 na kitu unarudi kuwa laini. Miaka yote hiyo watu wanajua, na bado jikoni kwetu tunaweka mkate kwenye friji tukiamini unakauka. Ili wifi aamini tulichukua slesi moja ya friji, ngumu, tukaiweka kwenye oveni peke yake bila siagi bila chochote kwa dakika chache. Ikatoka laini ya kubonyea. Maji yalikuwa humo humo muda wote, joto limeyafungulia tu. Kwa hiyo mkate wa jana ni mzuri kwa tosti, mimi naupenda kuliko wa leo kwa sababu unakatika vizuri bila kubonyea, lakini uukaushe nje, kwenye hewa au kwenye oveni, friji haikusaidii kitu.

Alafu utamu. Mikate yetu mingi ya maziwa ina sukari, na sukari inawahi kuchukua rangi. Kwa hiyo unaona slesi imeshakuwa ya dhahabu unaitoa, kumbe rangi imekuja mbele ya ukavu. Mkate usio na sukari nyingi unakupa muda. Kwa tosti ya swaumu mi nachagua boflo, ule mkate mdogo wenye ganda, ukaukata mshazari vipande vya unene wa kidole. Ganda linashikilia umbo hata katikati pakiwa na ulaini kidogo, na kwa chakula cha kusafiri kwa pikipiki hilo ni jambo kubwa. Slesi za dukani nazo zinawezekana, ila zinataka uangalifu zaidi maana ni nyembamba na laini, siagi ikizidi kidogo inapenya mpaka upande wa pili.

Sasa siagi. Nikamwambia wifi tusome kopo. Limeandikwa mafuta asilimia 60. Yaani katika gramu 100 unazopaka, kama 40 sio mafuta, na karibu yote hiyo ni maji yaliyochanganywa vizuri mpaka huyaoni. Siagi halisi ya maziwa nayo ina maji ila machache, mafuta ni kama 80 kwenye 100 na maji kama 16. Kuna za kupaka nyingine zimeandikwa 40, hizo kwa tosti achana nazo kabisa, ni nzuri kwenye mkate wa chai tu. Usitegemee picha ya mbele ya kopo, geuza usome hiyo namba, imeandikwa kwa herufi ndogo ila ipo.

Lakini namba hazimshawishi mtu aliyeshika mwiko miaka mingi, kwa hiyo tukaweka flampeni jikoni moto mdogo. Kijiko cha siagi ya kopo upande huu, kijiko cha samli upande ule. Siagi ya kopo ikaanza kulia, tssss, inatoa mapovu, inarusharusha, ikalia muda mrefu. Samli ikayeyuka kimya. Wifi akaangalia akasema "kwa hiyo haya yote yanayolia ni maji?" Ndio, na hayo yote ulikuwa unayapaka juu ya mkate kisha unautaka ukauke. Samli imepikwa mpaka maji yakaisha, ndo maana tangu enzi za bibi zetu inakaa kabatini bila friji na haiharibiki haraka. Watu wa Pwani tuna dawa ya tosti krispi kwenye kabati na tunaiachia pilau na mikate ya ufuta peke yake! Nashangaa kwa kweli.

Kwa nini maji yanazuia ukavu, ni hivi. Maji yakiwa juu ya mkate, pale juu joto haliwezi kupita nyuzi 100 mpaka yote yageuke mvuke yaondoke, hata oveni ukiiwasha 220. Na ile rangi ya dhahabu na harufu ya kuokwa, ambayo Mfaransa mwingine Louis-Camille Maillard aliieleza kikemia mwaka 1912, inakuja kwa kasi joto likishafika nyuzi 140 kwenda juu. Kwa hiyo sehemu yenye maji inasubiri kwenye 100 wakati zile kona na vile vipande vidogo vya swaumu vilivyokwisha kukauka vinaruka mpaka 140, 160, vinaungua. Ndo maana wifi alikuwa anapata vyote viwili kwenye slesi moja, uchungu na ulaini, akadhani ni mashtaka mawili yanayopingana. Ni shtaka moja.

Swaumu ya sokoni tuliimimina kwenye chujio la chai juu ya kikombe tukaiacha. Tuliporudi kikombe kina maji, ya rangi ya maziwa yaliyokatika, na yananukia swaumu hasa. Yule mama wa sokoni hana kosa, blenda haisagi swaumu kavu, lazima atie maji kidogo ndo izunguke, na kwenye mchuzi haina shida yoyote. Kwenye tosti ni shida. Isitoshe ile harufu kali ya swaumu inazaliwa pale inapopondwa, kuna vitu viwili ndani ya punje vimetengwa, ukiponda vinakutana ndo inatoka ile harufu inayochoma pua, na inaendelea kubadilika masaa yanavyopita. Ya kusagwa jana inabaki na ukali fulani wa kuchakaa, sio ule utamu. Kwa hiyo ponda mwenyewe, kwenye kinu, na chumvi. Chumvi inafanya punje zisiteleze na inazilainisha haraka. Alafu iache dakika kama 10 kabla ya kuipeleka kwenye moto, maana joto linaua kile kinachotengeneza harufu, ukiipeleka mbichi moto moto inabaki imepooza.

Giligilani naipita haraka: ikaushe na kitambaa na uiweke mwisho, tosti ikishatoka. Ndani ya oveni inakuwa nyeusi tu.

Sasa tukaanza kurekebisha. Jaribio la kwanza lilikuwa kubadilisha ukaushaji peke yake: vipande vya boflo kwenye oveni nyuzi 150, bila mafuta, juu ya ule wavu wa oveni badala ya trei ili hewa ipite chini, dakika 8 mpaka 10 huku tukigeuza mara moja. Vikatoka vikavu, bado vyeupe. Tukapaka mchanganyiko wenye swaumu mbichi, tukapandisha oveni 200. Mkate ulikuwa safi kabisa, unalia kacha, lakini swaumu ikaungua tena kwa sababu sasa mkate haukuwa na maji ya kuipoza. Hapo ndo ikaonekana wazi kwamba mkate na swaumu havitaki moto wa aina moja na kuvilazimisha viive pamoja kutoka mwanzo mpaka mwisho ndo chanzo cha ugomvi wote.

Kule Toscana, Italia, watu wana mkate wao wa zamani sana wa swaumu, na ukiangalia mpangilio wao wameshalitatua hili bila kelele: mkate unachomwa kwanza juu ya makaa mpaka unakauka, ukishatoka kwenye moto ndo unasuguliwa punje mbichi ya swaumu, unamiminiwa mafuta ya zeituni, chumvi, basi. Swaumu haioni moto hata kidogo. Ni mtamu, ila kwa wateja wa wifi ule ukali wa swaumu mbichi mchana wakarudi nao ofisini, hapana. Tukachukua njia ya kati.

Njia ya kati ndo hii, na vipimo ni vya vipande 12 vya boflo. Samli vijiko 4 vya chakula, siagi halisi vijiko 2 kwa ajili ya ladha maana samli peke yake inatawala. Swaumu punje 6 za wastani, imepondwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Weka samli na siagi kwenye flampeni moto mdogo kabisa, siagi italia kwanza, iache imalize kulia. Ikinyamaza tia swaumu, koroga. Nayo italia, ndo maji yake yanatoka. Hapo usiondoke, usijibu simu, maana unachosubiri ni harufu ibadilike kutoka ya kuchoma pua kwenda ya utamu, na mapovu yapungue, na rangi ibaki ile ile au iwe ya njano kidogo sana. Ikianza kuwa kahawia umechelewa, epua haraka na mimina kwenye bakuli baridi kwa sababu flampeni inaendelea kupika hata moto ukizima. Alafu chuja. Ndio, chuja. Yale mafuta yaliyobeba ladha ndo unayopaka kwenye mkate kabla ya oveni, na vile vipande vya swaumu vilivyobaki kwenye chujio unaviweka pembeni.

Vipande vya mkate vimeshakaushwa, unavipaka mafuta pande zote mbili kwa brashi, nyembamba, mkate unang'aa ila haudondoshi. Vinarudi kwenye oveni nyuzi 200, dakika 4 au 5, macho yapo kwenye kioo. Vikitoka ndo unapaka ile swaumu ya kwenye chujio juu, kidogo kidogo, na giligilani iliyokaushwa. Swaumu imeshaiva tayari, joto la mkate linatosha kuishikisha. Hakuna uchungu kwa sababu haijaona nyuzi 200.

Kuhusu rangi, dhahabu. Wifi alikuwa na imani kwamba ikienda kahawia nzito ndo itakuwa krispi zaidi na ndo itavumilia safari. Hapana, ukavu ndo unaleta krispi, rangi ni jambo lingine, kipande cheupe kilichokauka nyuzi 150 kinalia kuliko kilichoungua juu na unyevu ndani. Na kuna sababu ya afya pia, mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali vinatengeneza kitu kinaitwa akrilamaidi, na kinaongezeka kadiri rangi inavyozidi kuwa nzito. Haina maana tuache tosti, ina maana tuitoe ikiwa ya dhahabu.

Baada ya hapo nusu ya ushindi ilikuwa imepatikana, nusu nyingine ilikuwa kwenye kufunga, na kusema ukweli hii ndo iliyokuwa inaua kazi yote. Tosti ikitoka kwenye oveni bado inatoa mvuke hata kama huuoni. Ukizipanga moja juu ya nyingine mvuke wa ya chini unaingia ya juu, ukifunga foili unarudi wote ndani, ukiweka hotpoti ndo umezifungia kama nguo mbichi ndani ya ndoo. Hotpoti ni ya wali na chapati, vitu ambavyo tunavitaka laini! Kwa hiyo tosti zinakaa kwenye wavu, zimesimama au zimelala ila hazigusani, chini pana nafasi ya hewa, mpaka zipoe kabisa. Wifi alishtuka, "nimpelekee mteja mkate wa baridi?" Nikamuuliza kati ya mkate wa baridi unaolia na wa vuguvugu unaoning'inia wewe ungelipia upi.

Kuna kitu kimoja hapa kinachanganya watu kwa hiyo nikiseme vizuri. Ikiwa ya moto iache wazi, ikishapoa ifunge. Dar hewa yenyewe ina maji, hasa Machi mpaka Mei masika yakishika, mkate mkavu ukiuacha wazi jikoni unanyonya ule unyevu wa hewani na masaa machache tu umelegea hata kama haujaguswa na mvuke wowote, biskuti ukiziacha kwenye sahani unaona zinafanya hivyo hivyo. Zikipoa kabisa zinaingia kwenye kopo la bati au dishi lenye mfuniko wa kubana. Sasa hivi wifi anaoka asubuhi, zinapoa, zinaingia kwenye dishi, oda ikija anatoa vipande viwili anavirudisha kwenye oveni ya moto dakika 2, anaviacha vitoe pumzi kidogo kwenye wavu, vinaingia kwenye mfuko wa kaki. Mfuko wa kaki unapitisha mvuke, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 ya kaki inapatikana kwenye maduka mengi tu ya vifungashio. Mfuko unaenda pembeni ya boksi la spageti, sio juu yake, sio ndani yake. Bodaboda wake wa kawaida tulimwelekeza mwenyewe, "kaka huu mfuko mwekee juu kabisa usiubane", akaelewa vizuri.

Sasa kuna jambo lilitokea katikati ambalo sitaki lipite. Alivyoona yale mafuta ya swaumu yanafanya kazi, wifi akataka atengeneze chupa nzima, iwe inakaa kabatini wiki mbili, kila siku anachota. Kibiashara ni wazo zuri, anaokoa gesi na muda. Nilimkatalia kabisa na nakukatalia na wewe unayesoma. Swaumu inatoka ardhini, na ardhini kuna kijidudu kinachosababisha botulizimu, mbegu zake zinavumilia joto la kupikia la kawaida, na zinapenda sehemu isiyo na hewa na isiyo na uchachu. Swaumu ndani ya mafuta, kabatini, kwenye joto la Dar, ni hiyo sehemu kamili. Mwaka 1985 kule Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kutokana na swaumu iliyokuwa kwenye mafuta iliyokaa bila friji kwenye mgahawa mmoja, na ugonjwa huu unalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Na hainuki, haibadiliki rangi, huwezi kujua kwa kuonja. Kwa hiyo tengeneza kidogo, weka friji ikishapoa, siku 4 zikipita mwaga bila huruma. Ukitaka nyingi igandishe kwenye vile vitrei vya barafu, kila siku unatoa kibonge kimoja, friza inavumilia miezi. Wifi ndo anachofanya sasa, na kila trei ina stika ya tarehe.

Matokeo? Meseji za kulalamika zimekata. Malalamiko yaliyobaki ni ya mteja mmoja anayetaka tatu badala ya mbili, na hilo wifi amelimaliza kwa kuuza ya ziada peke yake.

Kwa ambao hamna oveni, msiache. Njia ya flampeni inaenda hivi: chuma cha chapati kikavu, moto mdogo, panga vipande bila mafuta, geuza mara kwa mara mpaka ukigonga vinalia, ni kama dakika 10 usiharakishe. Paka mafuta ya swaumu, rudisha moto wa kati dakika moja kila upande. Na mwenye jiko la mkaa ndo ana raha zaidi kwa maoni yangu, chukua sufuria pana, weka ndani yake kitu cha kuinua, hata vifuniko vya chupa vya bati, juu yake sahani ya bati yenye mikate, funika na mfuniko wa bati ulioacha upenyo wa mvuke kutoka, makaa machache chini na upalie makaa juu kama unavyofanya mkate wa kumimina. Makaa ya juu ndo yanakausha. Ukifunika bila upenyo umerudi kulekule kwenye foili ya wifi.

Toasta ya umeme inafaa kwa kukausha tu, usiingize mkate uliopakwa mafuta humo ndani, yanadondokea kwenye nyaya za moto na inaweza kuwaka.

Na kama wewe ndo mteja, umepokea tosti yako imeshapoa, usiiweke kwenye maikrowevu. Maikrowevu inachemsha maji yaliyobaki ndani ya mkate na kuyasambaza, inatoka laini, ukiiacha dakika mbili inakuwa ya kutafuna kama ngozi. Flampeni kavu, moto mdogo, dakika moja upande huu dakika moja ule. Wifi ameandika hivyo kwenye kikaratasi anachobandika kila mfuko, na chini yake ameongeza mwenyewe: "usiweke juu ya spageti mpaka unapotaka kula".